Jibu la Swali la Nane

Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Tumerudi Ijumbi saa kumi alasiri, mvua ikitufuata njia nzima kutoka Bukoba. Daktari Sumaiya ameagiza kikohozi cha mke wangu kiandikwe kila siku: kimeanza saa ngapi, kimedumu kwa muda gani, makohozi yana rangi gani. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na sita na sikupata kukabidhi taarifa yenye kasoro. Naanza leo.

Mke wangu ni Kokwijuka, mwenye umri wa miaka sitini na tisa. Anakohoa tangu mwaka 2020. Zahanati imemtibu nimonia mara tano, na mara zote tano imerudi. Daktari huyu ni binti wa mjini, wa familia ya Kiislamu, hajafika miaka arobaini, naye anawachunguza watu wazima wenye kikohozi kisichoisha. Ana fomu ya maswali ishirini. Yeye aliuliza kwa Kiswahili, mimi nikamwuliza mke wangu kwa Kihaya, kisha nikarudisha majibu kwa Kiswahili. Kiswahili cha Kokwijuka ni cha kanisani na redioni. Sijapata kumsikia akikizungumza mbele ya wageni, kwa sababu tangu tuoane, mbele ya wageni huzungumza mimi.

Swali la nane lilikuwa: "Nyumbani mnapikia nini?"

Sikulitafsiri. Nilijibu mwenyewe: "Gesi."

"Hongera, mzee," daktari akasema. "Kwa huko vijijini ni wachache sana."

Nilizipokea hongera. Gesi ipo. Mwanetu Avit aliileta kutoka Mwanza mwaka 2021, na mtungi umesimama sebuleni chini ya kitambaa alichokifuma Kokwijuka. Mwaka 2022, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira, nilisimama mbele ya kijiji na kuwahimiza akina mama waache kuni. Walinipigia makofi. Kisha nikarudi nyumbani kula ndizi zilizopikwa kwa kuni.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amekohoa alfajiri alipowasha moto, dakika kumi na mbili. Makohozi mazito, ya manjano. Dawa ya kupuliza kinywani amevuta mara mbili.

Jumamosi, 12 Oktoba

Alfajiri, alipowasha moto: dakika kumi. Jioni, alipochochea moto: dakika kumi na tano.

Jumapili, 13 Oktoba

Hakukohoa kanisani hata kidogo. Alikohoa aliporudi na kuwasha moto.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimesoma nilichoandika siku tatu hizi na kuona kwamba daftari hili haliwezi kupelekwa kwa daktari. Nitaandika nakala safi kwenye karatasi nyingine: saa, muda, rangi. Neno moto halitakuwamo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua kutwa. Kuni zimelowa. Jikoni hakuonekani mtu kwa moshi; kunasikika kikohozi tu.

Jumapili, 20 Oktoba

Kokwijuka ameniona nikiangalia saa ya mkononi wakati anakohoa.

"Mwalimu," akasema alipopata pumzi, "hata kikohozi changu unakipa maksi?"

"Daktari ameagiza."

"Leo nimepata ngapi?"

"Dakika kumi na nane."

"Basi nimefaulu kuliko jana," akasema, akarudi jikoni.

Alhamisi, 24 Oktoba

Bukoba. Daktari amechukua makohozi kwenye vikopo vitatu. Ameisoma nakala yangu safi, akaisifu kwa mpangilio wake. Ameongeza dawa ya kupuliza.

Jumatano, 30 Oktoba

Edvina, jirani yetu, kiongozi wa umoja wa wanawake, alipita akiwa na jembe begani. Alisimama akatazama paa la jiko letu, ambalo moshi ulikuwa ukilipenya kila mahali.

"Ta Rugaibula," akaniambia, "gesi ya mwenyekiti siku hizi inatoa moshi?"

"Tunakausha kuni," nikasema.

"Aa. Mnakausha kuni ili mzipikie gesi." Akacheka mpaka akaweka jembe chini. Kokwijuka naye alicheka, kule ndani, na kicheko kikageuka kikohozi. Edvina aliacha kucheka kabla yake.

Nilikasirika mchana kutwa. Sasa naona kwamba hasira yangu ilikuwa juu ya Edvina, wala haikuwa juu ya moshi.

Jumapili, 3 Novemba

Nieleze kwa nini. Mama yangu alipokuwa anakufa mwaka 1991 aliniambia moto wake usizimike. Hakuuacha uzimike hata mara moja. Usiku aliufukia kwa majivu, alfajiri akaufukua. Niliahidi. Ahadi hiyo nimeitimiza miaka thelathini na mitatu kwa mikono ya Kokwijuka. Mimi sijaufukua hata siku moja. Aidha, nilikwisha kusema kwamba ndizi za kwenye gesi hazina ladha, na nikishasema jambo katika nyumba hii halirudiwi.

Jumanne, 12 Novemba

Senene wameanguka. Watoto wote njiani na chupa. Kikohozi: sikupima.

Alhamisi, 21 Novemba

Hii ni siku ambayo ningependa isiwemo katika msimu huu.

Daktari Sumaiya alitukalisha karibu na kompyuta yake akatuonyesha picha iliyopigwa kwa hadubini. Nilidhani ni nyavu za dagaa zilizoanikwa ovyo ufukweni. Nyuzi nyembamba zilikuwa zimesokotana, na katikati yake madoa.

"Hayo ni makohozi ya bibi," akasema. "Nimeyatia rangi. Haya madoa ni seli nyeupe za damu, zinaitwa neutrofili. Ni walinzi. Kijidudu akiingia kifuani, wao ndio wa kwanza kufika. Wengine hummeza. Wengine hufanya jambo la ajabu: hujipasua, hutoa nje nyuzi za vinasaba vyao wenyewe, na nyuzi hizo huwa wavu wa kumnasa."

"Wanakufa?" nikauliza.

"Wengi hufa. Ni wavu uliotengenezwa kwa matumbo ya mvuvi, mzee. Kwa mtu mzima wa afya, kazi ikiisha, nyavu husafishwa. Kwa bibi hazisafishwi. Kila siku zinatandazwa mpya juu ya zile za jana. Zinanata, ndiyo maana makohozi ni mazito namna ile. Nazo zimebeba sumu za kuulia vijidudu. Kama hakuna kijidudu, sumu hizo zinachoma njia ya hewa yake mwenyewe."

"Na dawa ya kupuliza?"

"Ndilo tatizo. Dawa ile hutuliza vizuri pumu ya aina nyingine. Hawa walinzi hawaisikii sana. Naweza kuongeza mpaka mwisho, nisipate kitu."

Nilimtafsiria Kokwijuka kwa kifupi. Alitazama picha kwa muda mrefu, akasema kwa Kihaya kwamba ni kazi ya buibui mvivu.

Daktari akaendelea. "Sasa nauliza, walinzi wanamwona adui gani? Kifua kikuu hana. Bakteria nimewaotesha, hakuna wa kutosha kuleta hali hii. Makohozi ya namna hii nayaona kwa watu wawili: aliyevuta sigara miaka mingi, na aliyekaa na moshi wa kuni miaka mingi. Kama ingekuwa kuni, ningesema ondoeni moshi leo, kabla ya dawa yoyote. Lakini ninyi mnapikia gesi."

Nafasi ilikuwa pale, pana kama mlango. Sentensi yenyewe ilikuwa ya maneno matatu: Hapana, ni kuni.

"Je, bibi amewahi kuvuta? Hata kiko, zamani?"

Nilimgeukia mke wangu na kumwuliza kwa Kihaya kama amechoka na safari. Alinitazama. Akajibu kwamba amechoka kidogo.

Nikamgeukia daktari nikasema: "Anasema alivuta kiko ujanani."

Daktari aliandika.

Mke wangu hajapata kushika kiko maisha yake yote. Baba yake alikuwa mwinjilisti.

Ijumaa, 22 Novemba

Hakusema neno njiani, wala leo. Sidhani kama alielewa.

Jumanne, 26 Novemba

Kikohozi alfajiri, mchana na jioni. Ninajua sasa kinachotokea mle ndani, na kujua hakujanifanya nisogee hatua hata moja kuelekea jikoni. Hapo awali niliandika "alipowasha moto" kama mtu anayeandika saa. Sasa kila ninapoandika, naona walinzi wale wakijipasua.

Jumatatu, 2 Desemba

Jumapili ijayo mjukuu wetu Joanitha, anayeishi nasi, atapokea kipaimara. Nyumba ya mzee wa kanisa hutoa omuramba, maji matamu ya ndizi yasiyochachuka. Nimeyatoa katika kila kipaimara tangu nilipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Ndizi huivishwa kwa moshi, juu ya kichanja cha jikoni, siku nne au tano mfululizo, moto usilale. Leo tumepandisha mikungu saba.

Nimekwisha kuamua: kipaimara kikipita, moto utazimwa, na mwezi wa Januari nitamwambia daktari. Wiki moja tu. Kwa miaka thelathini na mitatu, wiki moja si kitu.

Nimeisoma tena aya hiyo. Sarufi yake haina kosa.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua. Kuni mbichi. Nilimwambia Kokwijuka kazi ya kuchochea aifanye Joanitha.

"Mtoto akariri katekisimu," akasema. "Mapafu yake ni mapya. Yangu umeshayazoea."

Sikumwuliza alikuwa na maana gani.

Ijumaa, 6 Desemba

Naandika kwenye korido ya hospitali, Bukoba.

Saa nne asubuhi Joanitha aliniita kwa sauti ambayo sikuijua. Kokwijuka alikuwa amekaa kizingitini pa jiko, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka, midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu. Hakukohoa. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne nilitamani akohoe. Nyuma yake moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba mikungu haikuonekana.

Gozbert, jirani mwenye gari dogo, alitupeleka. Njia nzima Joanitha alimshikilia bibi yake kwa nyuma ili asilale, maana akilala alizama kama majini. Nilikaa mbele. Nilihesabu pumzi zake, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi niliyoizoea: arobaini na mbili kwa dakika.

Muuguzi aliuliza: "Alikuwa anafanya nini ilipoanza?"

"Alikuwa jikoni," nikasema.

Hilo ni kweli. Alisubiri niendelee. Sikuendelea. Alipomvua kitenge ili ampime, harufu ya moshi ilitoka katika nguo ikajaa chumba kizima, na muuguzi akafungua dirisha bila kunitazama.

Amewekewa oksijeni. Wamesema tusubiri.

Jumamosi, 7 Desemba

Hali ni ile ile. Pumzi thelathini na nne. Avit yuko njiani kutoka Mwanza. Amenipigia simu: "Tata, si niliwaletea gesi?" Nilimwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Jumapili, 8 Desemba

Kokwijuka aliondoa kifuniko cha oksijeni usoni ili aniambie, kwa Kihaya, kwamba lazima mtoto apokee kipaimara na lazima mtu mzima wa nyumba yake aonekane. Nilirudi Ijumbi alfajiri na Joanitha. Avit, aliyefika jana usiku, alibaki na mama yake.

Joanitha alijibu maswali yote bila kukwama. Omuramba haukuwapo. Ilipofika Meza ya Bwana sikwenda mbele. Mimi ndiye niliyezoea kupanga safu, na leo safu ilijipanga yenyewe mbele yangu. Edvina aliporudi kutoka altareni aliinama kwenye benchi langu.

"Magoti yanakusumbua, mzee wa kanisa?"

"Si magoti," nikasema.

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kunitania. "Basi rudi hospitali," akasema. "Huyu mtoto tutamlisha sisi."

Nilipita nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa. Moto ulikuwa umekufa tangu Ijumaa. Niligusa majivu kwa kiganja, yalikuwa baridi. Nilitegemea kusikia jambo fulani moyoni kuhusu mama yangu. Sikusikia kitu.

Jumatatu, 9 Desemba

Daktari Sumaiya alifika wodini saa mbili. Nilimwomba tuzungumze nje. Nilikuwa nimetunga maelezo usiku, yenye utangulizi. Nilipofungua kinywa utangulizi ulipotea.

"Tunapikia kuni," nikasema. "Siku zote. Gesi haijapikiwa. Na mke wangu hajavuta kiko. Sikumwuliza. Nilisema mimi."

Kisha nikampa daftari hili, si nakala safi.

Alilisoma akiwa amesimama, ameegemea ukuta. Watu walipita. Alipofika tarehe 21 Novemba alifunga macho kidogo, kisha akaendelea mpaka ukurasa wa mwisho.

"Mzee," akasema, "nimempa dawa nyingi mno ambayo haikumfaa. Sikupeleka mtu kukagua nyumbani, kwa sababu ulinijibu vizuri kuliko wagonjwa wangu wote. Kama ningekwenda kwa jibu la kweli, Oktoba tungeanza na moshi."

"Najua."

"Sijui kama unajua. Zile nyavu, nyingine zimekwisha kugeuka kovu. Kovu halirudi kuwa pafu. Nitakachookoa ni kilichobaki."

Alinirudishia daftari, akaingia wodini, akavuta kiti karibu na kitanda. Nilimfuata nikasimama upande wa pili, mahali pangu pa mkalimani.

"Bibi," akasema kwa Kiswahili, polepole, "nyumbani mnapikia nini?"

Nilifungua kinywa nitafsiri. Kokwijuka aliinua mkono wenye sindano ya dripu, akaniashiria ninyamaze.

"Kuni," akasema kwa Kiswahili. "Kuni tangu nizaliwe."

"Na kiko?"

"Sijavuta, mwanangu. Baba yangu angefufuka."

Kilikuwa Kiswahili safi. Kila neno lilikaa mahali pake. Daktari alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Kumbe siku zile ulisikia, bibi?"

"Nilisikia. La gesi nilisikia, na la kiko nilisikia."

"Mbona hukusema?"

Kokwijuka alipumzika kwanza. Ilimchukua pumzi nne.

"Ningemkatalia mwalimu mbele ya mtoto kama wewe? Amesimama mbele ya watu maisha yake yote. Nilisema moyoni, atajisahihisha mwenyewe, amezoea kusahihisha. Nikamngoja njiani. Nikamngoja nyumbani. Alipopandisha mikungu saba nikajua hatajisahihisha."

"Na ukaendelea kuchochea."

"Nilikuwa nimekasirika," akasema. "Mtu akikasirika huchochea."

Avit, aliyekuwa amesimama dirishani, aligeuka akatoka nje. Nilitamani kutoka naye, nikaona sina haki.

Nilimwambia kwa Kihaya: nimekukosea. Alijibu kwa Kiswahili, mbele ya daktari na mgonjwa wa kitanda cha pili: "Ndiyo. Umenikosea."

Ijumaa, 13 Desemba

Ameruhusiwa. Tulipofika, kichanja kilikuwa kimekwisha kubomolewa na Avit. Mikungu saba imechukuliwa na majirani. Kuanzia leo kwa gesi napika mimi, kwa kuwa yeye haruhusiwi kusimama muda mrefu. Ndizi zangu ziliungua chini na kubaki mbichi juu. Alikula tatu, akaweka sahani kando.

Jumapili, 15 Desemba

Baada ya ibada niliomba nafasi ya matangazo. Niliwaambia kwamba hotuba ya mwaka 2022 niliitoa nikiwa napikiwa kwa kuni, kwamba mke wangu ameumia kwa sababu hiyo, na kwamba uenyekiti wa kamati nimeuacha. Hakuna aliyepiga makofi. Nje, mama mmoja aliniuliza kwa upole mtungi unawashwaje, kwa kuwa wake pia umefunikwa kitambaa.

Jumatatu, 16 Desemba

Alfajiri: dakika tatu. Makohozi bado mazito. Sitaki kushangilia dakika tatu. Nyumba ina harufu ya moshi bado, kwenye mapazia, kwenye vitabu, kwenye koti langu la kanisani.

Alhamisi, 19 Desemba

Bukoba, kliniki. Siku ya kuruhusiwa daktari alisema leo atampa dawa mpya ya kujaribu kwa miezi mitatu, na leo anaandika fomu mpya kuanzia swali la kwanza.

La fomu nalijua kwa sababu niliiona mezani kabla mlango haujafungwa. Jina lilipoitwa nilisimama, nikachukua mfuko wake, nikatangulia kama kawaida. Kokwijuka alinishika mkono wa koti.

"Wewe kaa hapa, Tata Avit," akasema. "Nitaingia peke yangu."

"Kuna maneno ya kitabibu."

"Nisipoyaelewa nitauliza."

Alichukua mfuko mkononi mwangu. Alipita mlangoni taratibu, akijishikilia kwenye fremu, na mlango ukafungwa.

Nimekaa kwenye benchi la korido. Nimemsikia akikohoa mara nne, nikajizuia kutazama saa. Kisha akazungumza, kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kumsikia akizungumza na mgeni. Sauti inafika, maneno hayafiki. Daktari aliuliza kitu kifupi, naye akajibu kirefu. Sijui anamwambia nini juu ya nyumba yetu. Sijui anamwambia nini juu yangu. Wakati mmoja wote wawili walicheka, na sikuweza kujua ni kwa sababu gani.

Mzee mmoja wa kutoka Rubafu, mwenye bahasha ya picha ya eksirei mapajani, amesogea karibu nami.

"Umemleta nani, waitu, ndugu yangu?"

"Mke wangu."

"Anaumwa nini?"

Nilikuwa nalo jibu lote, kuanzia wavu mpaka kovu, na sentensi zake zilikuwa zimekwisha kupangika.

"Akitoka," nikasema, "utamwuliza mwenyewe."